Mashine yenye maringo nusura itumalize mimi na mjomba

Msomaji wangu, umewahi kuona mashine ya boti ikinguruma mahali ambapo hakuna ziwa, hakuna bahari, hata bwawa la kufulia nguo hakuna? Basi mimi nimeona, tena kwa macho yangu haya mawili. Ilikuwa hapa hapa Ushirombo, nyuma ya gereji moja ya pampu. Mashine imening'inizwa kwenye pipa la maji, moshi wa bluu unapanda, maji yanaruka, watoto wa shule wamejazana kwenye uzio kama vile kuna sinema ya bure. Mama mmoja aliyekuwa anapita na beseni la nyanya kichwani akasimama, akatazama weee, halafu akauliza: "Jamani, hapo mnachemsha nini?"

Tulikuwa hatuchemshi kitu, mama. Tulikuwa tunatafuta ugonjwa. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshatuonjesha mauti.

Kaa vizuri nikupe kisa chote. Kama una boti, kama una jenereta ya saluni, kama una pikipiki ya kuvuta kwa misuli kila asubuhi, au kama umepanga kununua mashine ya mkononi kwa mtu, hiki kisa ni chako.

DHAHABU INAISHA, SAMAKI ANAZAA

Wale msiotufahamu, Ushirombo ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Bukombe. Zamani tulikuwa Mkoa wa Shinyanga, na tangu mwaka 2012 tuko Mkoa wa Geita. Barabara ya malori yaendayo Rwanda na Burundi inapita katikati yetu. Na kama ilivyo ukanda wote huu, ukimwuliza kijana anaishi vipi, mazungumzo hayafiki mbali kabla hujasikia neno dhahabu.

Mjomba wangu naye alikula ujana wake kwenye mashimo. Ameshika moko, amebeba mifuko ya mawe, ameendesha pampu za kutoa maji shimoni. Siku moja mfuko ukakubali, akapata chochote kitu. Wenzake walinunua pikipiki na redio kubwa. Yeye akasema hapana. Akatoa kauli ambayo mpaka leo tunamtania nayo: "Mpwa wangu, dhahabu inaisha, samaki anazaa."

Basi huyo, akapanda gari, Runzewe, Bwanga, mpaka upande wa Chato kwenye Ziwa Victoria. Akanunua boti ya mbao. Halafu akatafuta mashine.

Mashine aliyoipata ilikuwa ya nguvu farasi 15, silinda mbili, ile ya mipigo miwili inayotaka petroli ichanganywe na oili. Chapa sitaji, wasije wakasema nawatangazia bure. Umri wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Lakini muuzaji alikuwa na ulimi wa asali. Akavuta kamba mara moja tu, mashine ikaitikia. Na tenki lake la bati lilikuwa limepakwa rangi nyekundu mpya, linang'aa kama gari la zimamoto. Mjomba akalegea. Akatoa hela, akahesabu, akapeana mkono.

Alipoliwa ni hapo. Hakugusa kichwa cha mashine kabla haijawashwa. Angekigusa angekikuta cha moto. Yule bwana alikuwa ameshaivuta na kuiwasha alfajiri, ikapashwa ikapashika, mteja alipofika ikamchekea. Mashine ya moto huficha mengi. Ukienda kununua, iguse kwanza. Kama ni ya moto, mwambie muuzaji tukanywe chai, turudi ikipoa.

INAWAKA IKIJISIKIA

Maisha ya ziwani yakaanza, na vituko navyo vikaanza. Leo mashine inawaka kwa kamba ya kwanza, kesho unavuta mpaka bega linatoka mahali pake. Wavuvi wakaibatiza jina: Bi Maringo.

Na pale mwaloni kila mtu ni daktari. Wa kwanza akasema plagi, mjomba akanunua plagi moja. Wa pili akasema koili, mjomba akanunua koili ya mtumba. Wa tatu akasema kabureta, ikafunguliwa juu ya mchanga, upepo unavuma, vumbi linaingia, ikafungwa. Wa nne akashusha sauti akasema: "Bosi, hii mashine ina mkono wa mtu." Mjomba akaanza kuulizia waganga. Mimi nilikuwa nimeenda kumtembelea kwa wiki mbili tu, nikawa nashangaa namna hela ya dhahabu inavyorudi ardhini kidogo kidogo.

Basi ikafika ile jioni.

Tulikuwa watatu: mjomba, kijana wake wa kazi, na mimi. Tunapeleka mboga na unga kwenye kambi ya wavuvi ng'ambo. Mashine iliwaka vizuri, tukatoka kwa mbwembwe, mimi nimekaa mbele kama tajiri. Hazikupita dakika 15, mlio ukabadilika. Ikawa kama mtu anayekohoa. Kohoo, kohoo, kimya.

Mjomba akavuta kamba. Wapi. Akavuta tena. Wapi. Mimi nikashika kile kipira cha kubonyeza kilicho kwenye mpira wa mafuta, nikakikuta kimenywea, bapa kabisa, kama chungwa lililokwisha kunyonywa. Nikakiachia. Sikuona kama ni jambo la kumwambia mtu. Kumbe nilikuwa nimeshika jibu mkononi!

Tukakaa kama nusu saa. Mjomba akavuta, ikawaka! Tukashangilia. Dakika chache, kohoo, kimya tena. Na hapo upepo ulishaanza, wingu jeusi linapanda upande wa magharibi, jua linazama. Kasia lilikuwa moja, tena limepasuka. Jaketi la kuokolea lilikuwa moja, watu watatu. Tukatazamana. Hakuna aliyesema neno.

Ziwa Victoria si bwawa, ndugu yangu. Ni kilomita za mraba zipatazo 68,800, hakuna ziwa kubwa kuliko hilo Afrika nzima. Na lina tabia yake: mchana pepo huvuma kuelekea nchi kavu, usiku hugeuka na kukutana katikati ya ziwa, kwa hiyo ngurumo na dhoruba zake nyingi hupiga usiku mpaka alfajiri. Yaani saa ile ile boti yako ikizima jioni, ndiyo ziwa linaamka kwenda kazini. Mashine inayogoma barabarani inakuchelewesha. Ikigoma ziwani, usiombe.

Tulielea kama saa mbili. Wimbi linatupiga ubavuni, tunachota maji kwa sufuria ya ugali. Kilichotuokoa ni taa za wavuvi wa dagaa. Kijana wetu alivua shati, akalipungia mbele ya tochi ya simu mpaka wakatuona. Wakatufunga kamba, wakatuvuta. Mzee mmoja kwenye boti ile hakutusalimia hata kidogo. Alisema tu: "Mnakuja ziwani na kasia moja?"

Usiku ule mjomba hakula. Asubuhi akasema nenda nayo Ushirombo, mimi sitaki kuiona.

DAKTARI WA PAMPU

Kwa nini Ushirombo, mahali pasipo na ziwa? Kwa sababu ya fundi mmoja mtu mzima, aliyetengeneza pampu za machimboni tangu mimi sijazaliwa. Mjomba alimfahamu huko huko mashimoni. Pampu ikigoma kule, maji yanajaa chini na watu wamo ndani, kwa hiyo yule mzee hana mchezo na mashine inayojisikia.

Tukaipakia mashine kwenye Noah. Tenki dereva akalikataa, linanuka petroli na abiria wamelalamika. Tukaliacha kule kule ziwani. Shika hilo, msomaji, tutalirudia.

Fundi aliitazama mashine, akacheka. Nikamwuliza, "Shikamoo mzee, utaiweza? Hii ni ya boti." Akajibu: "Marahaba. Ng'wanawane, mashine haijui kama iko ziwani au shimoni. Yenyewe inataka vitu vitatu: mafuta, cheche, na pumzi ya kubana. Kimoja kikikosekana haiwaki. Kikiwa kinakuja na kuondoka, nayo itawaka na kugoma. Hakuna maringo hapo, na hakuna mkono wa mtu."

Halafu akatupa sheria yake moja, ambayo ningeomba uiandike ukutani: badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Mjomba alikuwa amebadilisha plagi, koili na kabureta kwa mkupuo. Ukifanya hivyo, hata mashine ikiwaka hujui nani alikuwa mgonjwa. Na ikigoma hujui kama wewe ndiye uliyeongeza ugonjwa.

KABLA YA SPANA, TUMIA MACHO

Jambo la kwanza hakushika spana. Alikagua vile vitu vya bure, ambavyo watu huviruka kwa aibu. Gia iko nyutro? Mashine nyingi za boti hukataa kuwaka zikiwa kwenye gia. Ile klipu ya kamba ya usalama, inayofungwa mkononi mwa nahodha ili akidondoka mashine izime, iko mahali pake? Ikichomoka utavuta kamba mpaka Pasaka na cheche hutaiona. Mpira wa mafuta umeingia na kushika pande zote mbili? Mshale ulio kwenye kile kipira unaelekea kwenye mashine? Choki imevutwa kama mashine ni ya baridi, na imerudishwa ikishapata moto?

Yote yalikuwa sawa. Ndipo akaingia kwenye mafuta. Alifungua kiskrubu cha chini ya bakuli la kabureta, akakinga mafuta yaliyomo kwenye chupa safi ya maji ya kunywa, akaiweka juu ya meza. "Tunywe chai," akasema. Tuliporudi, chupa ilikuwa na matabaka mawili: juu petroli yenye rangi ya oili, chini maji matupu, meupe. Maji ni mazito kuliko petroli, ukiyapa muda yanazama yenyewe. Mtambo wa maabara huo, bei yake ni chupa tupu.

Maji yanatoka wapi? Mvua, mawimbi, dumu lililooshwa likaachwa na unyevu, umande unaoganda ndani ya tenki lililoachwa nusu. Na hapo hujagusa habari ya petroli ya chupa inayouzwa njiani. Zamani kuchanganya petroli na mafuta ya taa ilikuwa biashara ya watu, mpaka EWURA wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili mchezo usilipe. Lakini dumu la kichochoroni halina anayelipima. Mafuta ya taa kwenye mashine ya petroli huifanya iwe ngumu kuwaka ikiwa ya baridi, na huzipaka plagi masizi.

Na oili nayo ipimwe, isikadiriwe kwa jicho. Mashine nyingi za aina hii vitabu vyake vinasema 50 kwa 1, yaani lita 25 za petroli kwa nusu lita ya oili ya mipigo miwili. Kitabu cha mashine yako ndicho cha kufuata. Ukizidisha, plagi zinalowa na moshi unakuwa wa treni. Ukipunguza, pistoni inakwama, na hapo hutaandika barua kwa mhariri, utaandika kwa mwenye benki.

PLAGI HAISEMI UONGO

Zikafunguliwa plagi. Fundi akaziweka kiganjani kama daktari anayesoma vidonge. Akatufundisha kuzisoma, nami nakufundisha wewe.

Plagi ikitoka kavu kabisa baada ya kuvuta sana, mafuta hayafiki. Tafuta tatizo kwenye tenki, mpira, chujio, au pampu ndogo ya mafuta. Ikitoka imelowa petroli, mafuta yanafika ila hayaungui: cheche hakuna, au mafuta yana maji, au umeilevya mashine kwa choki. Ikiwa nyeusi na ya mafuta mafuta, mchanganyiko ni mzito au plagi si ya saizi yake. Ikiwa na rangi ya kahawia ya chai ya maziwa, mshukuru Mungu.

Za Bi Maringo zote mbili zilikuwa zimelowa, na kibaya zaidi hazikufanana! Ile aliyonunua mjomba ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Ilipenya ikakaza, lakini kupenya siyo kufaa. Namba ya plagi ipo kwenye kitabu, nunua hiyo hiyo, na zote kwa pamoja.

Kuangalia cheche nako kuna adabu yake. Unaifunga plagi kwenye waya wake, unalaza chuma cha plagi kwenye mwili wa mashine ushike barabara, mtu anavuta kamba, wewe unatazama kivulini. Cheche ya bluu inayolia tak, tak, ni nzima. Ya njano iliyonyong'onyea, ina mashaka. Ila usiishike kwa mkono mtupu, na usiifanyie karibu na tundu la silinda au petroli iliyomwagika, maana cheche haichagui cha kuchoma. Ya kwetu ilikuwa bluu, pande zote mbili. Kwa hiyo ile koili ya zamani mjomba aliitupa bure, ilikuwa nzima!

Pumzi ya kubana fundi aliipima kwa saa yake, silinda zote mbili zikasoma karibu sawa. Wewe usiye na saa, sikiliza mkono: kamba ya mashine nzima inakupinga kwa vishindo. Ikija laini kama unavuta ndoo tupu kisimani, ringi zimekwisha, na hapo mlete fundi.

PIPA

Kabureta ikaoshwa kwa petroli safi juu ya meza safi, vitundu vyake vikapulizwa. Mafuta ya zamani yakikaa miezi hukauka yakawa kama gundi ya ulimbo, na vile vitundu ni vyembamba kama nywele. Plagi mpya mbili zikafungwa. Ndipo mashine ikaingia kwenye pipa.

Kwa nini pipa? Kwa sababu mashine ya boti hupozwa na maji inayoyavuta yenyewe kutoka chini. Ukiiwasha kwenye nchi kavu, kile kipangaboi cha mpira kinachosukuma maji kinaungua ndani ya sekunde chache tu, halafu kichwa nacho kinafuata. Maji yavuke ile sehemu ya kuvutia maji, mashine ifungwe kwa nguvu kwenye ubao, iwe nyutro, iwe nje penye hewa, na mikono ikae mbali na propela. Ikiwaka, tazama ule mrija wa pembeni. Wavuvi husema mashine "inakojoa". Isipokojoa, zima hapo hapo.

Ilikojoa vizuri. Na iliwaka kwa kamba ya pili, ya baridi kabisa. Kesho yake tena, kamba ya pili. Keshokutwa, ya kwanza. Watoto kwenye uzio wakapiga makofi. Mjomba akapigiwa simu, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki.

Fundi peke yake ndiye hakucheka. Akasema: "Kuwaka imepona. Ila mlisema ilikuwa inazima njiani, na hapa haijazima. Ugonjwa nisiouona siwezi kusema nimeutibu. Mkaijaribu karibu na ufukwe, maji ya kiunoni, na makasia mawili."

KUMBE!

Tukarudi ziwani. Karibu na ufukwe, kama tulivyoagizwa. Kamba ya kwanza, ikawaka. Dakika tano, raha. Dakika kumi, raha. Dakika ya 14, kohoo, kohoo, kimya.

Mjomba alikaa chini, akashika kichwa. Akasema nyumbani kwenu kuna mganga mzuri, si ndiyo? Nikapiga simu kwa fundi, nusu nalia. Akauliza swali moja tu: "Mnatumia tenki gani?"

Nikamwambia lile jekundu, la siku zote. Akanyamaza kidogo. "Mimi hapa niliiwasha kwa tenki langu. Ebu shika kile kipira. Kikoje?"

Nikakishika. Bapa! Kama chungwa lililonyonywa, kama siku ile. Nikasikia baridi mgongoni. Nikamwambia. Akasema: "Fungua kizibo cha tenki taratibu, usikilize."

Nikazungusha kizibo. Sssssss! Hewa ikaingia ndani kwa pupa, na kile kipira kikajaa mkononi mwangu kama kitu kilichofufuka. Mjomba akavuta kamba. Ikawaka. Ikawaka na haikuzima.

Umeelewa, msomaji? Chukua chupa ya soda, tumbukiza mrija, ziba mdomo wote wa chupa kwa midomo yako, halafu unyonye. Mafunda mawili ya kwanza yanakuja, la tatu linagoma. Lazima hewa iingie nyuma ya soda inayotoka. Tenki ni hivyo hivyo. Juu ya kizibo kuna skrubu ndogo ya kupumulia, unaifungua ukisafiri na kuifunga ukibeba tenki. Yetu ilikuwa inazunguka vizuri, mjomba aliifungua kila siku. Ila kitundu cha chini yake kilikuwa kimezibwa. Kimezibwa na nini?

Na rangi! Ile ile rangi nyekundu mpya iliyomlegeza mjomba siku ya kununua. Muuzaji alipaka tenki lote, na kizibo, na tundu la kupumulia.

Sasa kila kitu kikajieleza. Ilikuwa ikizima baada ya dakika 15 kwa sababu huo ndio muda wa kuimaliza hewa iliyo ndani. Ilikuwa ikiwaka tukipumzika kwa sababu hewa kidogo ilijipenyeza taratibu. Haikuzima Ushirombo kwa sababu tenki lilibaki ziwani. Na haikuonekana kwa sababu ilijificha nyuma ya ugonjwa mwingine, wa maji na plagi. Magonjwa mawili, kitanda kimoja.

Dawa ilikuwa sindano ya kushonea. Mjomba akaiazima kwa mama lishe, akatoboa, akarudisha. Plagi, koili, kabureta, nauli, simu, vyote vile, na aliyemaliza kazi ni sindano ya kuazima.

UKIKWAMA WEWE

Basi mashine yako ikizima njiani, kabla ya kuvuta kamba kwa hasira, shika kipira. Kikiwa bapa, tatizo liko upande wa tenki: pumzi, chujio, au mpira uliokunjika. Kikiwa laini na hakikazi hata ubonyeze vipi, kuna mahali kinavuta hewa, au mafuta yamekwisha, au valvu zake zimechoka. Kikiwa kigumu na mashine haiwaki, mafuta yapo mlangoni. Tazama kabureta na cheche. Na kama mashine inafufuka kila ukikibonyeza na kufa ukikiacha, shuku pampu ndogo ya mafuta iliyo kwenye mashine. Ikizima ikiwa ya moto tu na kipira ni kigumu, toa plagi uone cheche wakati ule ule imegoma. Koili iliyochoka hukata ikipata moto na kurudi ikipoa.

Ukiilevya kwa choki, irudishe choki, toa plagi, vuta kamba mara kadhaa utoe mafuta, kausha, funga, jaribu.

Na makasia mawili, jamani. Inasimuliwa kwamba Ole Evinrude, Mnorwe aliyehamia Marekani, alichoshwa na kupiga kasia siku ya joto kumfuatia mchumba wake aiskrimu, ikayeyuka kabla hajafika. Mwaka 1909 akaanza kuuza mashine za boti kule Milwaukee, na jina lake likawa chapa. Nadhani hata yeye alibaki na kasia ndani ya boti. Jaketi moja kwa kila kichwa, simu kwenye mfuko wa nailoni, na mtu wa nchi kavu anayejua unarudi saa ngapi.

Mjomba sasa anaendelea na samaki wake. Jaketi zimekuwa nne, makasia matatu, na sindano imechomekwa kwenye kofia yake. Majuzi dalali alimletea jenereta iliyopakwa rangi ya kijani, inawaka kama mpya kutoka dukani. Mjomba aliizunguka mara mbili, akaigusa kichwa, akainama.

"Rangi nimeiona," akasema. "Nionyeshe kwanza inapumulia wapi."

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.